Simu Inasema Kulia, Mume Anasema Nyoosha

Mwezi uliopita niliahidi kwamba leo tutazungumzia michango ya harusi. Naomba unisamehe, hilo linasubiri toleo lijalo. Wiki mbili zilizopita rafiki yangu mmoja alikuja kwangu macho yamemvimba. Yeye na mchumba wake walikuwa hawajaongea siku nne. Kisa? Ramani ya kwenye simu! Walikuwa wanakwenda kwenye sendoff Kibaha, simu ikasema pita huku, mwanaume akasema huko hakufai, binti akasema simu haikosei, mwanaume akasema basi olewa na simu. Sendoff hawakufika, na tangu hapo kila mtu kivyake.

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Halafu kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu nilikumbuka Sekenke.

Kisa hiki sijawahi kukiandika. Nilimwomba mume wangu ruhusa kwanza, naye akakubali kwa sharti moja tu: nisitaje jina la baba yake mdogo. Nitaliheshimu hilo.

Safari ya msiba

Mume wangu ni Mnyiramba. Kwao ni bondeni, chini ya Mlima Sekenke, mkoani Singida, upande ule ulikokuwa mgodi wa zamani wa dhahabu. Wengi wenu mnaijua Sekenke kwa kupita tu. Basi la Mwanza limetoka Singida mjini, limekwenda weee kwenye nyanda za juu, mara barabara inaanza kushuka kwa kona, malori yananguruma kwa gia nzito, na kule chini unaliona bonde la Wembere limetandazwa kama mkeka kuelekea Igunga. Mgodi wa Sekenke ulianza kazi mwaka 1909, enzi za Mjerumani, na huhesabiwa kuwa mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi yetu. Leo mpita njia hukumbuka zaidi mlima na ajali zake.

Baba yake mume wangu alifariki yeye akiwa darasa la pili. Aliyemlea, akamsomesha, akaja hadi kwetu na kikapu cha kuku kutoa posa, ni baba yake mdogo. Mzee huyo alianza kama utingo wa lori, baadaye akawa dereva. Aliupanda na kuushuka mlima ule kabla ya lami, enzi zile barabara ya kati ilikuwa vumbi kiangazi na tope kifuku, hata wasafiri wengi wa Dar kwenda Mwanza wakawa wanazungukia Nairobi. Lami ya Singida hadi Shelui, kama kilometa 110, ilikuja miaka ya 2000. Lakini mzee alikuwa na ramani yake kichwani: wapi maji hukatisha, wapi udongo humeza tairi, kona ipi usiiamini breki. Na mume wangu, akiwa kijana mdogo anayepanda lori wakati wa likizo, aliirithi yote.

Januari 2019 tukapigiwa simu Alhamisi usiku. Mzee ametutoka. Maziko Jumamosi saa 8 mchana.

Ijumaa tukatoka Dar alfajiri, tukala kilometa kama 700, tukalala Singida mjini. Jumamosi asubuhi tukanunua mchele, sukari na dumu la mafuta ya alizeti, si unajua tena msibani huendi mikono mitupu, na saa 4 tukawa barabarani. Muda ulikuwa mwingi. Mume wangu anaendesha, mimi nipo pembeni na simu mkononi, programu ya ramani imewashwa, yule dada wa ndani ya simu anatuongoza kwa sauti yake ya upole.

Hapa niseme ukweli wangu. Mimi nilikuwa siamini tena njia za mume wangu. Mwaka mmoja nyuma alitupoteza Kinyerezi, tukafika kwenye harusi ya shoga yangu keki imeshakatwa. Tangu siku hiyo nilikuwa nimemvua madaraka. Ndani ya gari yeye ni usukani, mimi na simu ndio wakubwa.

"Huku hakupitiki kifuku"

Kabla lami haijaanza kushuka mlima, dada wa kwenye simu akasema tukate kulia. Kwenye kioo mstari ulikuwa umenyooka vizuri kabisa hadi kijijini. Tungeokoa dakika 19.

Mume wangu akapunguza mwendo, akatazama ile njia, akasema, "Hapana. Tunashuka na lami hadi Shelui, halafu ndiyo tunaingia ndani. Huku hakupitiki kifuku."

"Mara ya mwisho umepita lini?"

"Kitambo. Lakini baba mdogo alikuwa anasema..."

Nikamkatiza. Msomaji wangu, hili ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimkatiza mtu anayekwenda kumzika baba yake, akiwa anataka kuniambia maneno ya baba huyo. Nikasema, "Mume wangu, baba mdogo alikuwa hana satelaiti."

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema neno moja ambalo sisi wanawake tukilisikia tunadhani tumeshinda: "Yaishe." Akakata kulia.

Kilometa mbili za kwanza zilikuwa changarawe safi, na mimi nikajisifu. Ya tatu, njia ikawa nyembamba. Tukamkuta kijana anachunga mbuzi, akatupungia mkono kwa nguvu, kushoto kulia, kushoto kulia, ile ishara ambayo hata mtoto anaielewa. Mume wangu akataka kusimama. Nikamwambia twende, tutachelewa. Tukateremka, tukaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa na kifuku unageuka gundi. Gari likaserereka, likazama upande mmoja, likatulia. Ilikuwa saa 6 mchana.

Nikaitazama simu. Mtandao hakuna. Barabara zote kwenye ramani zimefutika, kimebaki kioo cheupe na kidoti cha bluu katikati. Na yule dada akarudia kwa upole, endelea kunyoosha.

Kile simu inachokijua

Tulijaribu matawi, tukajaribu mazulia ya gari, tukajaribu kusukuma hadi viatu vyangu vya msibani vikabaki ndani ya tope. Mume wangu hakunipigia kelele hata mara moja. Saa 7 na nusu ndiye aliyeuliza swali la maana: "Hicho kidoti bado kinatembea?"

Nikasogea hatua kumi. Kikasogea.

Wengi wetu tunachanganya hapa, kwa hiyo ngoja nieleze kidogo. Ndani ya simu yako kuna vitu viwili tofauti. Kuna kinachokuambia upo wapi, na kuna kinachokuambia pita wapi.

Cha kwanza kinategemea satelaiti. Mfumo wa GPS ni wa Marekani, ulijengwa kwa ajili ya jeshi lao. Una satelaiti zisizopungua 24, zinazunguka dunia kwa urefu wa kilometa kama 20,200 juu yetu, kila moja na saa yake ya ajabu isiyopoteza sekunde. Simu yako inasikiliza tu, haitumi kitu huko juu. Inapima kila ishara imechukua muda gani kufika, na ikipata nne au zaidi inapiga hesabu na kujua ilipo. Zamani Wamarekani walikuwa wanaivuruga makusudi ishara ya raia, ikawa inakosea hadi kama mita 100. Mei 2000 Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo uzimwe. Simu kama Nokia N95 ilipoingia sokoni mwaka 2007 ikiwa na GPS ndani, jambo la wanajeshi na mabaharia likawa la kwenye pochi. Siku hizi simu nyingi husikiliza pia satelaiti za Urusi, Ulaya na China, na mahali palipo wazi hukosea mita chache tu. Haya yote hayahitaji vocha wala mnara. Ndiyo maana kidoti changu kilikuwa kizima pale bondeni.

Cha pili ni ramani, na ramani imechorwa na watu na kompyuta. Nyingi huchorwa kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani. Ukiwa juu sana, mstari mweupe porini unaweza kuwa barabara, unaweza kuwa njia ya ng'ombe kwenda lamboni. Picha ikipigwa kiangazi, kila kitu ni kikavu. Ramani haijui mvua imenyesha juzi. Haijui daraja la miti limekwenda na maji. Inapima umbali, inakisia mwendo, inakuchagulia njia fupi.

Kwa hiyo simu yangu siku ile ilikuwa sahihi kabisa kuhusu tulipo. Kuhusu njia ndipo ilipokuwa haijui kitu. Aliyekuwa anaijua njia nilikuwa nimemnyamazisha.

Mume wangu akaniambia nibonyeze kile kidoti na kukishikilia. Zikatokea namba mbili ndefu, zile latitudo na longitudo tulizokariri kwenye Jiografia, moja ya 4 na nukta zake upande wa kusini, nyingine ya 34 na nukta zake upande wa mashariki. Namba hizo ukiziandika hadi tarakimu ya tano baada ya nukta, unaonyesha mahali kwa tofauti ya kama mita moja. Nikazinakili kwenye meseji, tukaanza kutembea kutafuta mtandao. Saa 8 na nusu, juu ya kichuguu, ikaja alama moja ya mtandao. Meseji ikaondoka kwenda kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu.

Saa 8 na nusu, msomaji wangu. Maziko yalikuwa saa 8.

Tulipofika

Baadaye tuliambiwa walitusubiri. Walisogeza nusu saa, mchungaji akaongeza wimbo mmoja, wakatazama barabara ya kutokea Shelui. Wingu likawa linapanda na mvua ya kule haina subira. Wakazika. Shemeji aliiona meseji saa 9 na nusu, akiwa anakung'uta udongo mikononi. Akaziingiza zile namba kwenye simu yake, akakuta tupo kilometa 4 tu kutoka nyumbani. Akaja na vijana wanne, jozi mbili za ng'ombe wa kulimia na mnyororo. Hakuhangaika kutafuta. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye bampa.

Saa 12 jioni tukaingia nyumbani tukiwa tope hadi kiunoni. Wifi yangu mkubwa alinitazama miguu mitupu, akatazama gari, akasema, "Jamani mke wetu, si mngeuliza?" Basi, hilo tu. Mama mdogo, mjane wa siku mbili, akasema tupewe maji ya kuoga na tule kwanza.

Mume wangu hakula. Alikwenda kaburini peke yake. Mimi nilisimama mbali, karibu na zizi. Udongo ulikuwa umeshapandishwa na kupigwa vizuri kwa koleo, mashada yameshapangwa. Alichota konzi moja ya udongo pembeni akaiweka juu taratibu, kwa vile ya kutupia ndani haikuwepo tena. Alikaa pale hadi giza likaingia.

Nilimwomba msamaha usiku ule. Akasema, "Hukukusudia." Ni kweli sikukusudia. Lakini kuna mambo mtu anakusamehe na bado hayarudi. Mwanaume aliyelelewa na baba mdogo anapata nafasi moja tu ya kumtupia udongo, na ya mume wangu niliitumia mimi kuokoa dakika 19.

Kitu kilichoharibika kilianza Kinyerezi

Nimelifikiria sana jambo hili, na sitaki ulitupie simu lawama. Simu ndiyo iliyotutoa pale. Bila zile namba tungelala porini. Tatizo lilikuwa kwamba mimi nilikuwa nimeacha kumuuliza mume wangu kitu chochote, simu au bila simu. Nilichukua kosa moja la Kinyerezi nikamhukumu nalo kwa barabara zote za dunia. Kumbe mtu anaweza kupotea Kinyerezi, mahali alipofika mara moja, na bado akaijua Sekenke kama mfuko wake wa shati.

Angalia nyumbani kwako. Mwenzio anakosea kitu kimoja, labda alikopa vibaya, labda alichagua fundi mbovu, na kuanzia hapo kila jambo unauliza mitandao, unauliza shoga zako, unauliza simu, yeye humuulizi. Na yeye kwa kupenda amani anasema yaishe. Anakata kulia. Mnazama wote.

Na nyinyi akina baba msicheke. Najua nyumba ambazo mama ndiye mwenyeji wa njia, na baba amekumbatia simu kama Biblia.

Kwa hiyo, kabla hamjawasha gari kwenda kwa wakwe au kwenda kula maisha, yangu ni haya:

1. Hifadhini ramani ya eneo zima kwenye simu mkiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri. Programu nyingi zinaruhusu. Hapo kidoti hakitabaki kwenye kioo cheupe.

2. Pigeni simu kwa mwenyeji mmoja kabla ya kutoka. Msimuulize ni wapi tu, muulizeni leo magari yanapita wapi. Leo, siyo mwaka jana.

3. Mkiwa vijijini msikimbilie njia fupi. Mfuate lami hadi pale wenyeji wanapoiachia. Na mtu akiwapungia mkono barabarani, simameni. Kuuliza si ujinga.

4. Anayeendesha asishike simu. Anayeshika simu asomee mwenzie, halafu amuulize, "Unaonaje?" Swali hilo moja lingenitosha mimi.

5. Jifunzeni kutuma mlipo, kwa namba, kwa meseji ya kawaida. Namba huhitaji mtandao mdogo sana kufika. Na chaji ya ziada iwepo garini, maana ramani inakula betri.

6. Mkikuta njia ya uongo kwenye ramani, iripotini. Ramani zinarekebishwa na watu kama sisi. OpenStreetMap, iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, yeyote anaweza kuihariri. Dar es Salaam mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko, mfereji kwa mfereji. Waliojua maji yanapita wapi ni wanaoishi pale.

Ile njia yetu ya Sekenke niliiripoti mwenyewe wiki ile ile.

Tulirudi Agosti mwaka huo huo kujengea kaburi. Simu ilikuwepo garini, imewashwa, sauti nimeizima. Tulipofika pale pa kukata kulia, nilimuuliza mume wangu ile sentensi aliyokuwa ameianza Januari. Baba mdogo alikuwa anasema nini?

Akashusha gia, tukaanza kuteremka mlima nyuma ya lori la mbao. Akasema mzee alikuwa anasema kwamba ukiwa juu ya Sekenke, tazama bonde kwanza. Ukiona linang'aa, ujue kuna maji, usiiache barabara kubwa hata kama mwenye mzigo anakusumbua. Kisha akanionyesha kona moja baada ya nyingine hadi Shelui: hapa mzee alilala siku tatu na springi iliyokatika, hapa alizaliwa mtoto wa abiria, hapa yeye mwenyewe alishika usukani mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, mzee amemshikia mkono. Miaka tisa ya ndoa, yote hayo nilikuwa siyajui.

Pale kaburini niliweka alama kwenye simu, ili wanangu wakikua waweze kufika hata kama sisi hatupo. Na chini ya alama nikaandika maelekezo kama mume wangu alivyonitajia: shuka na lami hadi Shelui, usikate kabla.

Rafiki yangu na mchumba wake wameshapatana, nashukuru Mungu. Wewe je? Kwenye gari lenu nani anashika simu, na mara ya mwisho kumuuliza mwenzio "unaonaje" ni lini? Tuonane mwezi ujao, na michango ya harusi sijaisahau.